Benzi 280 S ya 1970: kibati kinasema DB 90 na kitu. Ni 904 au 906?

Mgomba1970 (Moshi)

Habari za jioni wadau. Nina swali la rangi, naomba mnivumilie maana bila historia yake halieleweki.

Marehemu baba alituachia Mercedes-Benz 280 S, bodi ya 108, ya mwaka 1970. Aliinunua 1974 kwa mzungu aliyekuwa meneja wa shamba la kahawa huku Kibosho. Mashamba makubwa yalikuwa yametaifishwa mwaka uliotangulia na yule bwana alikuwa anafungasha. Namba ya chesesi inaanza 108.016, inafuata 20. Nimeambiwa ile 2 ni usukani wa kulia na 0 ni gia za mkono, na ndivyo lilivyo. Injini ya silinda sita inawaka. Fundi wa bodi ameshakata kutu ya sakafu na buti, amechomelea bati jipya, na kwa bidii yake amepuliza praima (rangi ya msingi) nyekundu kila mahali alipofika: chini ya siti, ndani ya buti, ndani ya milango. Kilichobaki ni rangi, na rangi ndiyo imetugombanisha nyumbani.

Mimi tangu nipate akili gari hili nalijua ni la kijani. Sio kijani cha Mercedes, ni kijani cha paa. Mwaka 1983, vitu vilipoadimika hadi sabuni ikawa kwa foleni, baba alinunua galoni mbili za rangi ya mabati zilizobaki kigango kilipomaliza paa lake, akampa fundi baiskeli alipake. Kwa brashi. Ukiinama ubavuni jua la jioni likipiga, unaona mistari ya nywele za brashi mpaka leo. Kijiji kizima kililiita Mgomba. Ukisikia "Mgomba umeshuka" ujue Mzee ameenda mjini.

Kaka yangu anayenitangulia kwa miaka miwili anataka jeusi. Anasema Benzi ni nyeusi, basi, na ameshapiga hesabu za kubeba maharusi. Mama ana miaka 81, anasema wote tunaota: gari lilipoingia uani mara ya kwanza lilikuwa "rangi ya moshi wa kuni mbichi". Nilidhani ni uzee unasema.

Jumapili nikafungua boneti kutafuta kibati cha rangi. Kipo kwenye boriti ya mbele, pale juu ya rejeta, kimepakwa kijani pamoja na skrubu zake. Nikachukua pamba, thina kidogo na kijiti cha meno. Nusu saa nzima nimeinama kama nachokonoa sikio la mtoto. Ikatokea D, ikaja B. Halafu 9. Halafu 0. Namba ya tatu imeliwa na kutu, na juu yake kuna mkwaruzo wa bisibisi ya mtu aliyewahi kuteleza. Nikisimama kulia naona kijiduara, nikisimama kushoto naona pembe. Baada yake kuna G.

Nimesoma kwamba DB ni Daimler-Benz, DB 904 ni bluu ya giza na DB 906 ni bluu iliyochanganyika na kijivu. Kaka kasikia 904 kafurahi, anasema hiyo ni nyeusi yenye aibu kidogo.

Nitajuaje ni ipi? Hiyo G ni nini? Na kuna duka la rangi nimewatajia namba, wakauliza gari la mwaka gani, nikawajibu 1970, wakacheka, wakasema "lete kipande". Kipande kipi, na gari zima ni kijani na praima?

Jitu_la_Pasua

Mkuu piga nyeusi uingize hela. Zamani mwenye Benzi alikuwa Mbenzi, kabila kamili, na sijawahi kusikia Mbenzi aliyepanda gari la rangi ya moshi. Bibi harusi atoke saluni na shela jeupe aingie kwenye kitu cha rangi ya jikoni? Utakosa wateja.

FundiMsasa (Unga Limited, Arusha)

Mgomba1970, salaam. Mimi ni fundi rangi, mwaka wa thelathini na moja sasa napuliza, kifua changu ni shahidi. Nimesoma mara mbili.

G ni herufi ya kiwanda kilichotengeneza rangi yenyewe: Glasurit. Ungekuta H ingekuwa Herberts. Haibadilishi namba, lakini mwenye duka anayejua kazi akiiona ataacha kucheka. Viwanda vikubwa vya rangi bado vina fomula za hizi namba za Mercedes za zamani. Tatizo ni wauzaji wanaotafuta kwa jina la gari na mwaka, mwaka haupo kwenye orodha yao ya haraka, wanakata tamaa. Waambie watafute kwa namba tu, DB ikitangulia.

Sasa acha kukwangua hicho kibati! Weka kijiti chini. Namba imegongwa kwenye bati, haikuandikwa kwa rangi, kwa hiyo hata kutu ikila uso, bonde linabaki. Chukua karatasi nyembamba, ilaze juu, pitisha penseli kwa ulalo kama watoto wanavyochora sarafu. Au subiri usiku, umulike tochi kwa ubavu, karibu kabisa na bati, usimulike kwa juu.

Hata ukiipata, usiishie hapo. Kibati kinakwambia gari lilitoka kiwandani na rangi gani. Hakikwambii rangi hiyo ilikuwaje machoni, na utakapofika kwenye kuchanganya, jicho ndilo litakalolipa. Tafuta rangi yenyewe. Rangi ya kiwanda haiondoki kwenye gari, inajificha. Kama fundi bodi amefunika ndani yote (na hapa nampa pole yeye na mdomo wake wa praima), nenda nje, chini ya huo huo kijani. Fundi baiskeli wa 1983 sidhani kama alikwangua kitu.

Fanya hivi. Chagua mahali tambarare, ukubwa wa sarafu. Anza na msasa wa maji namba 400, zungusha kidole pale pale. Kijani kikianza kuachia, hamia 800, kisha 1200, kila mara ukipanua kidogo kwa nje. Malizia na 2000. Utapata kijidirisha chenye duara ndani ya duara, kama ukikata mti: kijani, chini yake kinachofuata, mpaka praima ya kiwanda, mpaka chuma. Kila duara ni enzi moja ya gari. Tumia maji, usikwangue pakavu. Rangi za zamani nyingi zina madini ya risasi ndani, vumbi lake si la kuvuta, na watoto wasicheze hapo.

Ukishaona tabaka la kwanza, lipige kompaundi (dawa ya kung'arishia) kabla hujalipeleka kwa mashine ya kusoma rangi. Mashine inasoma inachokiona. Ukiipa rangi iliyofifia na kuwa na chaki juu, itakutengenezea rangi iliyofifia, mpya kabisa, kwa bei ya mpya. Mimi huanza na fomula ya namba, nachanganya kidogo, napuliza kwenye vipande vitatu vya bati, kisha naweka kando ya sampuli. Fomula inapendekeza, sampuli ndiyo hakimu.

Na utoke nje! Niliwahi kufedheheka na gari la mteja. Ndani ya karakana, chini ya taa ya tyubu, mlango niliopuliza na ubavu wa zamani walikuwa mapacha. Tumelisukuma nje saa nne asubuhi, mlango ukawa binamu. Kufika saa kumi na moja jioni walikuwa hawajuani. Rangi mbili zinaweza kufanana kwenye taa moja na kuachana kwenye nyingine kwa sababu zimejengwa kwa unga wa rangi tofauti, na baadhi ya unga wa zamani siku hizi hautumiki. Angalia vipande vyako juani saa sita, kivulini, na jioni. Bluu yenye kijivu ndani ndiyo laghai kuliko zote.

La mwisho, na hapa ndipo wengi wanaharibu. Usikubali kupigiwa klia, ile rangi angavu ya juu. 904 na 906 zote ni rangi tupu, hazina chengachenga za metali. Enzi hizo rangi tupu ya Benzi ilipulizwa yenyewe na kung'aa yenyewe, bila koti la kioo juu. Ukipiga beisi na klia, gari linaonekana kama limezamishwa kwenye glasi. Zuri kwa harusi, lakini mtu anayejua ataligundua kutoka ng'ambo ya barabara. Omba rangi ya 2K (ya kuchanganywa na hadina, dawa ya kuikausha) ya koti moja, inayong'aa bila klia. Sio ileile ya 1970, ni imara zaidi, ila sura inakaribia sana. Na usimwache fundi ailainishe mpaka iwe kioo cha kunyolea. Kiwandani walikuwa wanaacha uso wenye ngozi kidogo, kama ganda la chungwa ukiliangalia kwa mbali. Hicho kingozi ndicho kinachofanya chuma kionekane chuma.

Mwambie atakayepuliza avae barakoa yenye vichujio vya kemikali, tena vipya, na kama anaweza kupata ya kuvutiwa hewa safi ni bora zaidi. Hadina ya 2K si mchezo. Nina mwenzangu alikuwa anafunga kitambaa. Kitambaa kinazuia vumbi, hadina inapita kama haikuona kitu. Sasa anauza vocha, akipanda ngazi tatu anapumzika.

Usisahau pia vifuniko vya rimu. Kwenye Benzi za miaka ile duara la katikati lilipakwa rangi ya bodi. Watu wanapuliza gari vizuri halafu wanaacha vifuniko na rangi nyingine, ni kama suti na kandambili.

Babu_wa_Njoro

Wanangu, mimi nawasoma tu. Nilikuwa mtoto Safari Rally ilipokuwa inapita huku. Mercedes 219 ilishinda 1959 na 1960, halafu 220 SE ikashinda 1961. Niliziona zikipita. Mkiniuliza zilikuwa rangi gani nitawaambia vumbi. Hiyo ndiyo rangi halisi ya Benzi Afrika Mashariki.

Lakini nina neno kwa mwenye gari. Unasema unatafuta rangi halisi. Halisi ya nani? Mzungu amelipanda miaka minne. Baba yako amelipanda na kijani chake muda gani?

Mgomba1970

Babu shikamoo. Kijani ni kuanzia 1983 mpaka baba alipofariki 2016. Miaka thelathini na tatu. Umenikata maini.

Fundi asante sana, nimechapisha maelezo yako nimeyabandika ukutani. Karatasi na penseli nimefanya: mkia wa namba umetoka, kichwa hakijatoka. Mkia una mviringo, lakini mkwaruzo wa bisibisi unapita hapo hapo, kwa hiyo hata 4 yenye mguu uliopinda inawezekana. Kesho nafanya kijidirisha.

KadiNaNyaraka (Arusha)

Mawili tu. Kadi ya gari ina mstari wa rangi. Kama inasema kijani, ukibadilisha nenda TRA (mamlaka ya mapato) urekebishe kabla trafiki hajakusimamisha pale Boma Ng'ombe na kukuuliza gari la kwenye kadi liko wapi.

La pili, gari hilo lilipotoka kiwandani liliandikiwa kadi ya data: namba ya injini, rangi, aina ya ngozi au plastiki ya viti, vyote kwa namba. Kitengo cha magari ya kale cha Mercedes kipo Fellbach, Ujerumani, na mwenye gari anaweza kuomba nakala akithibitisha ni lake. Inachukua muda lakini hapo hakuna kubishana na kutu.

Mgomba1970

Wadau, nimerudi na balaa.

Nimefanya kijidirisha mlango wa mbele wa abiria, kwa sababu ndio ulio kivulini pale uani. 400, maji, kidole. Kijani kimetoka kama ganda la ndizi iliyoiva, kwa vipande. Chini yake bluu ya giza, nzito, karibu na nyeusi. Nimeendelea mpaka praima na chuma, hakuna kingine. Kaka alikuwa amesimama nyuma yangu. Sikumwona akicheza tangu sendofu yangu, jana kacheza. "904! 904!" mpaka jirani akachungulia akidhani tumeshinda bahati nasibu.

Mama alikuja, akainama, akaangalia duara, akasema, "Huo mlango siujui," akarudi zake ndani.

Hivi kumbukumbu ya mtu inaweza kukosea rangi kwa kiasi hicho? Bluu nyeusi na moshi?

FundiMsasa (Unga Limited, Arusha)

Dada (nimegundua kwenye habari ya sendofu, samahani kama ningekosea tena), mama yako amesema neno la kifundi na hamkumsikia. Amesema MLANGO haujui. Hakusema rangi.

Mlango unafunguliwa kwa boliti. Unaweza kutoka gari lolote la bodi hiyo. Boneti vivyo hivyo, mlango wa buti vivyo hivyo. Ushahidi hauchukuliwi kwenye kitu kinachofunguka. Nenda kwenye paa, au nguzo kati ya milango, au ubavu wa nyuma juu ya tairi. Hivyo haviondoki bila msumeno. Na ukiwa hapo muulize mama hadithi ya mlango.

Mimi pia nilishawahi kudanganywa na panga la mbele, lile bati la juu ya tairi. Mteja kaniletea Benzi akitaka nyeupe halisi, nimepima panga la mbele likasoma nyeupe ya 050. Kibati kikaja kusema 623, ile rangi ya pembe ya teksi za Ujerumani. Panga lilikuwa la gari jingine. Nikapuliza upya kwa hasara yangu, sikumwambia mtu mpaka leo.

Jitu_la_Pasua

Kaka mtu aandae pole. Nyeusi inayeyuka.

Mgomba1970

Nimerudi. Nimekaa kwanza ninywe chai ndipo niandike.

Hadithi ya mlango: mwaka 1979 baba alikuwa ameegesha karibu na mzani wa kahawa, lori likarudi nyuma, likaingia mlango wa abiria hadi kwenye siti. Hakuna aliyeumia, gunia moja lilipasuka. Mlango mwingine ulitoka kwenye Benzi iliyokuwa imekufa huko Arusha, akauleta juu ya basi. Miaka minne gari lilitembea na mlango mmoja wa rangi tofauti, na mama anasema hiyo ndiyo sababu hasa ya kijani: baba alichoka kuulizwa. Sisi tulikua tukiambiwa ni uhaba wa rangi. Uhaba ulikuwepo kweli, ila kumbe kulikuwa na aibu pia.

Nguzo ya kati: kijidirisha cha pili. Kijani, chini yake kitu cha kijivu, lakini kimechoka sana, kina chaki, kwenye kivuli unaweza kukiita chochote. Kaka akasema hiyo ni praima. Nikasema ina ubluu. Akasema ubluu uko kichwani kwangu. Tumebishana mpaka giza.

Asubuhi mama alitusikia tunaanza tena. Nilikuwa nasoma kwa sauti yale maneno ya Fundi, suti na kandambili, kwamba vifuniko vya rimu vilipakwa rangi ya bodi. Mama akauliza, "Vifuniko vya wapi?" Nikamwonyesha kwenye tairi, vile vitatu vya kijani na cha nne ambacho hakifanani na wenzake. Hakusema kitu. Kaenda nyuma ya nyumba. Tumesikia kuku wanapiga kelele. Karudi na kifuniko cha rimu mkononi, kinachuruzika maji na pumba.

Ni cha nne. Kilidondoka njia ya Uru mwaka 1976, mtoto wa jirani akakiokota baada ya wiki kikiwa kimebonyea upande, baba alikuwa ameshapata kingine. Mama akakichukua kuwa chombo cha kunyweshea kuku. Kimekaa bandani karibu miaka hamsini. Nimekitilia maji mimi mwenyewe, mara ngapi, sijawahi kukigeuza.

Ukikitumia kama sahani, upande wa ndani unaangalia juu na uso wake unalala chini, kwenye udongo. Jua halijawahi kuugusa. Nilikiosha kwa sabuni ya kipande na brashi ya mswaki. Kromu yake imekwisha, imebaki kutu ya kahawia. Ukingo umekwaruzika. Lakini lile duara katikati ya kromu na nyota, kwenye kibonde ambacho udongo haukusugua, lipo. Nililifuta kwa kitambaa chenye kompaundi kidogo, upana wa kucha mbili.

Sijui niseme nini zaidi ya alivyosema mama. Asubuhi kukiwa na ubaridi, jiko la kuni mbichi likianza kushika, ule moshi wa kwanza kabla haujawa mweupe. Ni hiyo. Kijivu ukikiangalia moja kwa moja, bluu ukigeuza shingo.

Kaka alikishika, akakigeuza, akakirudisha. "Basi sawa," akasema.

FundiMsasa (Unga Limited, Arusha)

Miaka 31 sijawahi kuletewa sampuli kutoka kwa kuku. Usiipige kompaundi tena, kibonde hicho ni hazina, ukikisugua mara tatu kimekwisha. Kifunge kwenye kitambaa laini, ukilete. Moshi na Arusha ni kilomita themanini tu. Au kama unachanganyishia huko kwenu, simama hapo hapo dukani usikiache mikononi mwa mtu.

Namba sasa hata bila Ujerumani ni 906, ila omba ile kadi ya data, utahitaji namba ya viti baadaye. Usipulize Aprili. Hewa ya masika ina maji, kompresa inayanywa, inakutemea kwenye rangi.

Na kuhusu neno la Babu wa Njoro, maana naona limekukaa: kuna wateja wangu huniachia mahali pamoja pasipopulizwa. Ndani ya mlango wa buti, upana wa kiganja. Nafunika kwa gundi ya karatasi, napuliza kote, nikitoa, pale panabaki kama palivyokuwa.

Babu_wa_Njoro

Hapo sawa. Nyota ya Ujerumani kwa nje, paa la kigango kwa ndani. Kilichobaki ni kubarikiwa.

Mgomba1970

Mrejesho kwa waliouliza.

Lile duka la mwanzo sikurudi. Nilienda Arusha na kifuniko kimefungwa kwenye kanga ya mama. Tumetafuta kwa DB 906, fomula ikatoka mara moja, hakuna aliyecheka. Vipande vitatu vya bati: cha kwanza fomula kama ilivyo, cha pili kimeongezwa tone la nyeusi, cha tatu tone la nyeupe. Ndani ya karakana nilichagua cha pili bila wasiwasi. Tumetoka juani, cha pili kimekuwa kizito kama wingu la mvua, na cha kwanza kikakaa kando ya kifuniko mpaka sikuona mpaka. Jioni tulirudia, bado cha kwanza. Kwa hiyo baada ya mbwembwe zote ni fomula ileile, haikuhitaji tone la mtu.

Tumekubaliana koti moja la 2K bila klia, Julai, mvua zikiwa zimekwisha. Ndani ya mlango wa buti kiganja kimoja cha kijani kitabaki, brashi zake zikionekana. Kaka ndiye aliyekipima, kwa mkono wake, na mkono wake ni mkubwa. Harusi za rangi ya moshi anasema ataona. TRA naenda mwenyewe.

Mama ameuliza kuku watanywea wapi. Nimemnunulia beseni la plastiki sokoni Mbuyuni, jekundu. Siku ya tatu leo, wanalizunguka tu.